Maswali na majibu: Laxton, kijiji ambacho uzio haukukimaliza

Niliandika juu ya Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire, Uingereza, ambako wakulima mpaka leo wanalima ngwe zilizotawanyika katika mashamba makubwa matatu, bila uzio wowote kati ya jirani na jirani. Maswali yamekuja kwa wingi. Mengine ni mazuri sana. Mengine yanaonyesha mtu kasoma kichwa cha habari akakimbilia kuandika. Nimechagua yale yanayotufikisha kwenye jambo lenyewe, nalo ni ardhi: nani anaigawa, nani anailinda, na nani anabaki mikono mitupu vijiji vinapopimwa.

Kiko wapi hasa, na kina watu wangapi? (Msomaji, Dodoma)

Kaskazini-magharibi ya mji wa Newark, kilomita 15 hivi. Wakazi, ukijumlisha na kitongoji cha Moorhouse, ni kama 250. Udongo ni mfinyanzi mwekundu, mzito, unaoshika buti ukinyesha. Kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja iitwayo Dovecote Inn, na kaskazini ya nyumba kuna kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono: ndiyo mabaki ya ngome ya Wanormandi, wale wavamizi waliotoka Ufaransa karne ya 11. Nyumba za wakulima zimepangana kandokando ya barabara, nyingi zikiwa zimeelekeza ubavu wake mwembamba njiani, na nyuma yake kuna viwanja virefu. Uangalie mpangilio huo. Kwingineko Uingereza utakuta nyumba ya mkulima imekaa peke yake katikati ya shamba lake. Laxton hilo haliwezekani, kwa sababu shamba la mtu haliko mahali pamoja. Kila mtu anaishi kijijini na kutoka asubuhi kwenda upande ambako kazi inamngoja.

Kimeanza lini? (Msomaji, Mbeya)

Kabla ya 1086. Mwaka huo maofisa wa Mfalme William walipoandika daftari la mali ya nchi nzima, lile la Domesday, Laxton ilikuwepo tayari na watu wake, majembe yao ya plau na mashamba yao. Anayekwambia kijiji kimeanza siku kilipoandikwa kwenye karatasi ya serikali, mkatalie. Daftari lilikikuta.

Ni kweli Robin Hood alikuwa anapita hapo? (Wasomaji wengi mno)

Robin Hood, yule jambazi wa msituni anayesimuliwa kuwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini, ni hadithi. Waliotawala msitu wa Sherwood kweli kweli kwa niaba ya mfalme walikuwa akina de Caux, makabaila wa Laxton, na hao walikuwa upande wa mwenye rungu. Tuendelee.

Kwa nini mtu mmoja awe na vipande kumi sehemu kumi? Si kupoteza muda tu? (Msomaji, Morogoro)

Swali zuri, na jibu lake ndilo ambalo wapimaji wa kila zama hawataki kulisikiliza.

Chukua kilima kimoja. Juu udongo ni mwepesi na unakauka mapema. Chini kuna tope mpaka mwezi wa tano. Upande mmoja unapata jua, mwingine unapigwa na upepo. Ukimpa mtu mmoja juu yote na mwingine bonde lote, umemtajirisha mmoja na kumfilisi mwenzake kwa siku moja. Kwa hiyo walikata shamba lote kwa ngwe nyembamba ndefu, kila kaya ikapata yake huku na yake kule. Mwaka wa mvua nyingi, za juu zinakuokoa. Mwaka wa ukame, za bondeni. Hawakuwa wajinga wa hesabu hata kidogo.

Ngwe nazo zina umbo la kazi. Urefu wa kawaida ulikuwa yadi 220, ambazo ng'ombe wa plau wanaweza kuvuta bila kupumzika. Zilizolimwa karne nyingi zimejipinda kidogo kama herufi S iliyogeuzwa, maana timu ya ng'ombe wanane ni ndefu, nayo lazima ianze kukata kona kabla haijafika mwisho wa shamba. Plau iligeuzia udongo katikati ya ngwe kila msimu, katikati pakainuka tuta, pembeni pakabaki mfereji wa kutolea maji. Mpaka leo, katika malisho mengi ya kati ya Uingereza ambako hakuna aliyelima kwa miaka mia tatu, jua la jioni likishuka unaona mawimbi hayo ardhini. Kila wimbi lilikuwa mali ya mtu mwenye jina.

Tena mashamba matatu, yaani West Field, Mill Field na South Field, yalipokezana: moja ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri au kunde, la tatu limelazwa. Lililolazwa lilikuwa malisho ya mifugo ya kijiji kizima, na samadi ikabaki hapo hapo. Siku hizi kanuni zimelegezwa, hata lililolazwa linaweza kubeba majani ya mifugo, lakini mzunguko wa miaka mitatu upo.

Kwa hiyo, ndugu wa Morogoro, kutembea kulipoteza muda, ndiyo. Muda huo ulikuwa bima yao.

Wanalima kwa jembe la mkono? (Msomaji, Shinyanga)

Hapana. Wana matrekta na mashine za kuvunia kama wakulima wote wa Uingereza. Ngwe zenyewe ziliunganishwa zikawa pana zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo lililobaki wazi ni karibu ekari 500. Laxton si makumbusho ya watu waliovaa nguo za kale. Ni wakulima wanaouza ngano.

Nani anazuia mtu asimege mpaka wa mwenzake? (Msomaji, Kondoa)

Hili nitalikalia, maana ndilo linaloniuma.

Kijiji kina baraza linaloitwa Court Leet. Kila mwaka, mwisho wa Novemba, wajumbe 12 na kiongozi wao hulikagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Siku hizi hupanda tela la trekta, wakifika panapotiliwa shaka wanashuka. Wanapima, wanabishana, wanapigilia vigingi vya mbao kwenye mipaka kati ya ngwe na ngwe. Wanaangalia mitaro: imezibuliwa? Wanaangalia njia na kingo za majani: kuna aliyepitisha plau? Aliyejiongezea hatua moja anaonekana, kwa sababu wanaomkagua ni wakulima wanaolijua shamba hilo kama uso wa mama zao. Mchana wanakula pamoja Dovecote Inn na kukubaliana nani apendekezewe faini. Wiki inayofuata baraza linakaa papo hapo, chini ya msimamizi wake, faini zinathibitishwa na wajumbe wapya wanaapishwa kwa ajili ya mwaka unaokuja. Kuna pia ofisa wa kukamata mifugo iliyozurura na kuifungia kwenye boma la kijiji mpaka mwenyewe alipe.

Faini ni ndogo. Si pesa inayomtisha mtu, ni aibu ya kutajwa mbele ya wale atakaowahitaji wakati wa mavuno.

Mabaraza ya namna hii yalikuwa kila pembe ya Uingereza. Sheria ya mwaka 1977 iliyanyang'anya mengi yaliyosalia uwezo wa kusikiliza kesi, lakini la Laxton liliachwa liendelee kusimamia mashamba yake. Baraza hilo linakagua kila mwaka, mgogoro uwepo usiwepo. Sisi tunasubiri mapanga yatoke ndipo tunamwita mpima ardhi. Bikoni ya saruji isiyotembelewa na mtu ni jiwe tu. Mpaka unalindwa na watu wanaoutembelea, tena kwa ratiba.

Kwa hiyo hiki ni kijiji cha ujamaa cha Wazungu? (Wasomaji wanane au zaidi, kwa maneno yale yale)

Nililijibu ndani ya makala yenyewe, aya ya tatu. Someni kabla ya kuandika. Ardhi ya Laxton ilikuwa ya kabaila, na wengi wa wanaoilima ni wapangaji. Kila mkulima anavuna ngwe zake, anaweka pesa mfukoni mwake. Kinachofanywa kwa pamoja ni kanuni: shamba lipi lipumzike, mifugo iingie lini, mpaka uko wapi. Mtu anaweza kuwa na jasho lake binafsi ndani ya utaratibu wa wote. Tangu utoto tumefundishwa kwamba njia ni mbili tu, yote ya serikali au yote ya mtu mmoja mwenye hati. Sivyo.

Kama utaratibu huu ulikuwa mzuri, kwa nini umebaki Laxton tu? (Msomaji, Kigoma)

Kwanza tusahihishe: mabaki ya mashamba ya wazi yapo pengine pia, kama Braunton kule Devon. Laxton ni ya pekee kwa sababu mashamba matatu yanaendelea kupokezana na baraza linaendelea kukaa.

Kwingine yaliuawa na uzio. Awali ilikuwa makabaila wenyewe, waliogundua kwamba kundi moja la kondoo na mchungaji mmoja wanaleta faida kuliko kaya ishirini za wakulima. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imeshapunguza watu, na katika karne mbili zilizofuata vijiji vingi vikafa kabisa. Wharram Percy kule Yorkshire ni mfano unaojulikana sana: muda mfupi baada ya 1500 familia za mwisho ziliondoka, kondoo wakaingia. Wataalamu walichimba hapo tangu 1950 mpaka 1990, na leo unaona misingi ya nyumba ndani ya majani, na kanisa lisilo na paa.

Kisha likaja bunge, nalo lilifanya kazi hiyo kwa kalamu. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi uzio, kijiji kwa kijiji, jumla ya ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi ya Uingereza. Utaratibu ulikuwa hivi: wenye ardhi wanapeleka ombi bungeni, tangazo linabandikwa mlangoni mwa kanisa, makamishna na mpimaji wanateuliwa, kila mwenye haki anapewa kipande kimoja badala ya ngwe zake. Kwa maneno inaonekana haki tupu. Lakini kura zilihesabiwa kwa thamani ya ardhi, si kwa vichwa vya watu: wakubwa watatu wangeweza kuzishinda kaya hamsini. Gharama za makamishna, mpimaji na uzio ziligawanywa kwa wote. Mtu wa ekari tatu hakuzimudu, akauza kwa jirani mkubwa. Na yule ambaye hakuwa na ardhi kabisa, aliyekuwa akichunga ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya wote kwa mazoea tu, hakuwa na karatasi, kwa hiyo hakuhesabiwa. Jana alikuwa na maziwa na kuni, leo ni kibarua.

Wanahistoria wa uchumi bado wanabishana kuhusu kiasi gani mavuno yaliongezeka. Kwamba kodi anayolipwa mwenye ardhi na wapangaji ilipanda, tena mara nyingi maradufu, hawabishani.

Na Laxton ilinusurikaje? Si kwa ushujaa, msije mkaandika hivyo. Kuna ngwe zilizouzwa na kuzungushiwa uzio kidogo kidogo, lakini wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl of Scarbrough, walikuwa na ardhi iliyochanganyikana hapo na hawakuafikiana jinsi ya kuigawana. Makabaila wawili waliposhindwa kuelewana, wakulima wakabaki na mashamba yao.

Watu walikubali tu? (Msomaji, Bukoba)

Hawakukubali. Mwaka 1549 watu wa Norfolk walianza kung'oa uzio. Robert Kett, mwenye ardhi ambaye uzio wake pia ulilengwa, akaungana nao na kuwaongoza. Maelfu walipiga kambi Mousehold Heath nje ya mji wa Norwich na kuuteka mji. Jeshi la serikali liliwavunja, Kett akanyongwa kwenye ngome ya Norwich mwezi Desemba. Tena 1830 vibarua wa kusini, wajukuu wa waliopoteza malisho, walivunja mashine za kupuria nafaka. Kumi na tisa walinyongwa, mamia wakasafirishwa Australia kama wafungwa. Anayesema Waingereza walibadilisha kilimo chao kwa amani na mjadala hajasoma chochote.

Nilisikia kijiji kimoja cha huko kilihamishwa na jeshi kisirudishwe. Kweli? (Msomaji, Arusha)

Kweli, tena viwili maarufu. Imber, Wiltshire: tarehe 1 Novemba 1943 wanakijiji waliitwa shuleni wakaambiwa wana siku 47 za kuondoka, ili askari wa Marekani wafanye mazoezi ya uvamizi wa Ulaya. Tyneham, Dorset, ikafuata Desemba hiyo hiyo. Vita viliisha 1945, hakuna aliyerudi kuishi. Hadi leo ni maeneo ya mazoezi ya kijeshi, na kanisa la Imber hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Jambo la kushika: wizara ya vita ilianza kununua ardhi ya Imber tangu miaka ya 1920, na kufikia 1943 ilikuwa inamiliki karibu kijiji chote. Wakazi walikuwa wapangaji wa mwenyewe aliyewafukuza. Kabla ya kufurahia mnunuzi mpya wa ardhi inayokuzunguka, uliza anainunulia nini.

Na kile kilichojifungia kwa sababu ya tauni? (Msomaji, Zanzibar)

Eyam, Derbyshire, 1665 hadi 1666. Watu wapatao 260 walikufa, na wachungaji wao wawili, Mompesson na Stanley, ndio waliowashawishi wasitoke. Kina makala yake, si leo.

Hiyo ni historia ya Wazungu. Inatuhusu nini sisi? (Msomaji, Nakuru)

Wewe wa Nakuru inakuhusu kuliko wote, kaka.

Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, na wizara ilinunua kwa makusudi ya kuhifadhi utaratibu wa mashamba ya wazi. Serikali ya London iliona ngwe zile zilizotawanyika ni urithi wa taifa, ikatoa pesa ya umma ili zisipotee.

Mwaka 1954, miaka miwili tu baadaye, serikali ya kikoloni Kenya, iliyokuwa chini ya London hiyo hiyo, ilipitisha mpango wa Swynnerton. Moja ya nguzo zake: vipande vya Waafrika vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja, kila mmoja apewe hati yake. Kutawanyika kuliitwa adui wa maendeleo. Huko Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanyika katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, wanaume kwa maelfu wakiwa kizuizini. Mtu aliyefungwa hakuwepo kuonyesha mipaka yake, na ardhi ya mbari iliandikwa kwa jina la aliyekuwepo, mara nyingi yule aliyesimama na serikali. Waliotoka kizuizini wengine walikuta hawana pa kusimama.

Sisemi ngwe za Nyeri na za Laxton zilikuwa kitu kimoja. Wala sisemi hati ni mbaya: kuna mjane aliyeokolewa na hati. Ninachosema ni kwamba mkulima wa mteremkoni mwa milima ya Aberdare alikuwa na sababu ile ile ya kuwa na kipande juu na kipande chini, na hakuna aliyemuuliza. Kilichoitwa hekima ya wahenga Nottinghamshire kiliitwa ujinga Nyeri.

Kijijini kwetu kuna pendekezo la kugawa malisho ya wote, kila kaya ipate ekari zake. Tufanye kama Laxton? (Msomaji, Kiteto)

Msiige Laxton. Wao wana mwenye ardhi mmoja juu yao: baada ya wizara, mwaka 1981 ilihamia Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme, na 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, yaani warithi wa ukoo ule ule wa Manvers. Nyinyi mna kitu ambacho wao hawana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya jumuiya, na ugawaji wa ardhi ya kijiji hauwezi kukamilika bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha. Mkutano mkuu, dada yangu, si mwenyekiti na mtendaji wakiwa na muhuri chini ya mwembe.

Kabla ya mkutano fanyeni haya. Andikeni majina ya wote wanaotumia malisho hayo, wakiwemo wasio na ng'ombe hata mmoja lakini wanaokota kuni, wanakata nyasi za kuezekea, wanachota maji. Ulizeni nani atalipia upimaji na uzio, na anayeshindwa kulipa atafanywaje. Ulizeni kaya zitakazouza katika miaka mitano ya kwanza zitakuwa zipi. Mnazijua tayari. Na angalieni sana nani anasukuma haraka ili kikao kifanyike wakati wa kiangazi, wafugaji wakiwa mbali na mifugo yao.

Mkiamua kubaki na malisho ya wote, basi chagueni watu wa kuyakagua kila mwaka, tarehe ijulikane, na faini iandikwe. Malisho yasiyo na mkaguzi yatagawanyika yenyewe usiku.

Ramani ya zamani ya Laxton uliyoitaja kwenye makala nitaiona wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ilichorwa na Mark Pierce mwaka 1635, kwa agizo la Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua Laxton. Ipo maktaba ya Bodleian, Oxford. Inaonyesha ngwe moja moja, na ndani yake mmechorwa watu wanaolima na wanaovuna. Ukipata nakala yake, weka karibu na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chako, kama kijiji chako kinao. Kama hakina, hilo ndilo swali la kumpelekea mtendaji wako Jumatatu.